Animal Well: kila mtu anasifia gemu tofauti

Kuna kitu kinanichekesha kila nikisoma maoni ya watu kuhusu Animal Well. Mmoja anasema ni gemu fupi tamu la wikendi, umecheza, umemaliza, umelala. Mwingine anasema hapana bwana, hili ni gemu la mafumbo, yeye ameweka daftari na kalamu pembeni ya kontrola na bado hajamaliza. Wa tatu anakusimulia habari ya watu 50 wasiojuana kukusanya vipande vya picha moja, na wewe unabaki unajiuliza hiyo ilitokea wapi, mbona mimi sikuiona. Halafu kuna wa nne, huyu hakosekani, amecheza saa mbili, hajaelewa kitu, hakuna aliyemwambia aende wapi, amelifuta na kwenda kuandika kwamba watu wanasifia ujinga. Na wote wanne wamedaunlodi faili lilelile la MB 33 hivi. MB 33 jamani. Kuna picha za simu zilizopigwa mfululizo zinazidi hapo.

Mi naona wote wanne wanasema kweli, ila wanazungumzia magemu tofauti yaliyopangwa moja juu ya lingine, na kila mtu anatoa hukumu kutoka pale aliposhukia. Ndo maana mabishano ya hili gemu hayaishi.

Kwa asiyelijua: lilitoka tarehe 9 Mei 2024 kwenye PC, PS5 na Switch, Xbox wakalipata Oktoba mwaka huohuo. Aliyelitengeneza ni Billy Basso, Mmarekani wa Chicago, na amefanya karibu kila kitu mwenyewe, michoro, sauti, mafumbo, mpaka injini ya gemu, yaani programu inayoliendesha, ameiandika mwenyewe kwa lugha ya C++ wakati wenzake wengi wanachukua injini za tayari kama Unity au Unreal na maisha yanaendelea. Ilimchukua kama miaka 7. Dan Adelman alimshikia upande wa biashara, na mchapishaji ni Bigmode, kampuni ya yule YouTuber anayejulikana kama videogamedunkey, Jason Gastrow, na mkewe Leah.

Hapo kwenye mchapishaji ndipo watu walipoanza kununa kabla hata gemu halijatoka. Bigmode ilipotangazwa mwaka 2022 kelele zilikuwa nyingi, kwamba huyu jamaa amekaa miaka anacheka magemu ya watu kwenye video zake, sasa leo yeye ndo anatuchagulia magemu mazuri? Na Animal Well ndilo lilikuwa la kwanza kutoka chini ya jina hilo. Kwa hiyo kuna watu waliingia wakiwa wanatafuta kosa. Upande mwingine, kwenye PS5 liliingia PS Plus Extra, ule usajili wa kulipia wenye magemu kibao ndani, siku ileile ya kwanza, maana yake watu kibao walilishusha kwa sababu tu lilikuwepo pale, hawakuwahi hata kuona trela. Ukichanganya hao wawili, anayetafuta kosa na anayepita tu, halafu bado wastani wa wakosoaji ukakaa maeneo ya 90 kati ya 100 kule Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wakosoaji, basi ujue kuna kitu.

Sasa, gemu lenyewe. Wanaotaka kuingia bila kujua chochote waishie hapa, nitataja vifaa, ila yale mafumbo yenyewe siwaharibii.

Wewe ni kidude. Kidude cha mviringo chenye macho, unatoka ndani ya ua, uko chini kwenye kisima kikubwa chenye giza, na basi. Hakuna maandishi ya utangulizi, hakuna mzee wa kukwambia kijiji chako kimechomwa, hakuna mshale. Huna silaha, na hutaipata. Kuna wanyama kila chumba, wengine hawana habari na wewe kabisa, wengine wanataka kukula. Ramani unaijaza kwa kutembea. Unahifadhi kwenye simu, zile simu za zamani zenye mkono, zimewekwa huku na kule, ukifa unarudishwa kwenye simu ya mwisho uliyopiga. Kazi yako ya kwanza, ambayo pia hakuna anayekwambia, ni kutafuta mioto minne kwenye pembe nne za ramani, na unaweza kuanza na wowote.

Muziki karibu hakuna. Unasikia maji yanadondoka, wadudu, kitu fulani kinakwaruza mbali huko, na kuna wakati unaingia chumba kipya sauti zote zinakata ghafla, hapo usingoje kuambiwa. Gemu lisilo na damu wala kisu na bado linatisha kuliko mengi ya mazombi.

Wapenzi wa metroidvania, haya magemu ya kuzurura ramani moja kubwa ukifungua njia kwa vifaa, mnajua mtindo wenyewe. Metroid ya Nintendo, mwaka 1986, ilishatufundisha kwamba mlango usiofunguka leo utafunguka kesho ukipata kifaa chake, na ile ya kwanza kabisa ilikuwa na kale kamchezo ka kukuanzisha mahali ambapo ukienda kulia kama ulivyozoea unakwama, inabidi urudi kushoto uchukue kile kifaa cha kukufanya mpira. Castlevania: Symphony of the Night ya 1997 ikaongeza vyumba vya siri na ngome nzima iliyogeuzwa juu chini. Baadaye watu mmoja mmoja wakaanza kuyatengeneza peke yao, Cave Story mwaka 2004 likatolewa bure na Mjapani mmoja anayejiita Pixel, Axiom Verge mwaka 2015 la Tom Happ. Kwa hiyo mtu mmoja kutengeneza gemu la kuzurura na kuruka lenye sura ya zamani sio habari mpya tena. Tunayo mengi, na mengine tumeshayachoka.

Kinacholitofautisha hili ni vifaa. Kwenye magemu mengi ya aina hii kifaa ni ufunguo tu uliovalishwa nguo. Kombora jekundu kwa mlango mwekundu. Ukishapata kuruka mara mbili unarudi kwenye kila ukingo mrefu uliouona, unapanda, imeisha hiyo. Animal Well halikupi kuruka mara mbili. Linakupa kifimbo cha kupulizia mapovu. Linakupa frisbi. Yoyo. Slinki, ile springi ya kuchezea inayoshuka ngazi yenyewe. Kile kichezeo cha kuzungusha kiitwacho pia. Filimbi. Fataki. Ni sanduku la vitu vya watoto, na kila kimoja kina kazi unayoiona mara moja halafu kina kazi nyingine mbili tatu ambazo unazigundua saa tano baadaye ukiwa unachezea tu.

Chukua povu. Unapuliza, unalikanyaga, linakubeba kidogo. Sawa, nimeelewa, hiki ni cha kuvukia mashimo. Halafu siku moja unapuliza ukiwa hewani, povu linatokea chini ya miguu, unaruka juu yake, unapuliza lingine, na ukishika mdundo unapanda ukuta mzima ambao ulikuwa umeapa hauna njia. Gemu halikukupa nguvu yoyote mpya hapo. Nguvu ulikuwa nayo tangu dakika ya arobaini, ila hukuwa unaijua. Au frisbi: unairusha, inagonga swichi, vizuri. Kumbe mbwa wakiiona wanaikimbilia na kukusahau wewe. Kumbe pia ukiirusha ukairukia inakubeba unapaa nayo mpaka ng'ambo. Nani alikwambia? Hakuna. Mbwa ndo alikwambia, kwa kuwa mbwa.

Na hapo ndo mi nabishana na yule jamaa wa nne anayesema gemu halimwelezi kitu. Linamweleza sana tu. Mizuka inakukimbiza, unawasha fataki kwa woga, mizuka inatawanyika, tayari umesoma somo. Unaona slinki inashuka ngazi na kukanyaga kitufe, sasa kila ukiona ngazi zenye kitufe chini unajua. Shida ni kwamba tumezoeshwa kusoma sanduku la maandishi katikati ya skrini, gemu linasimama, linasema bonyeza X kuruka, tunabonyeza X, tunapigiwa makofi. Hili linataka uangalie. Ila pia siwezi kumlaumu mtu, yule aliyerudi kazini amechoka ana nusu saa kabla ya kulala, amezunguka vyumba kumi na mbili vya giza na hajaona dalili kwamba anaendelea mbele, ana haki ya kukasirika. Muda wake ni wake.

Sasa ngoja niseme kuhusu hii sura ya zamani, maana kuna watu wakiona pikseli tu, hii michoro ya vidoti vikubwa, wanafunga ukurasa. "Pikseli tena?" Nawaelewa. Kuna magemu mengi yanachora pikseli kwa sababu ni rahisi au kwa sababu yanataka kukukumbusha utoto ambao pengine hata hukuwa nao. Animal Well lina picha ya pikseli 320 kwa 180, yaani kidogo sana, kila chumba kinajaa skrini moja na ukitoka ukingoni kinabadilika chote kwa mpigo, kama magemu ya miaka ya themanini. Mpaka hapo ni zamani tupu. Halafu unaruka majini na maji yanafanya mawimbi ya kweli. Unalipua fataki, moshi unatanda, unapanda, unazunguka nguzo. Mwanga wa taa unatupa vivuli vinavyohama ukipita. Nintendo ya zamani ingeambiwa ichore hayo ingezimika. Ndo maana alihitaji injini yake mwenyewe, yaani michoro ni ya zamani lakini hewa iliyo ndani ya chumba ni ya leo.

Ila uzuri wa macho sio sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba kwenye skrini yenye vidoti vichache hivyo hakuna kitu kinachokaa pale kwa bahati mbaya. Kwenye gemu kubwa la kisasa chumba kimoja kina vikombe, vitabu, mapazia, nyufa, vumbi, na unajua kabisa vyote ni mapambo, macho yako yanajifunza kupuuza. Hapa kuna tofali moja lina kivuli tofauti kidogo na wenzake. Kuna mmea unatikisika na mwingine hautikisiki. Kuna michoro ukutani ambayo ukipata ile taa ya kuonyesha yaliyofichwa unarudi kwenye vyumba ulivyodhani umevimaliza na unakuta vimeandikwa kila mahali. Baada ya muda unakuwa mtu wa kushuku kila kitu, na ubaya au uzuri wake ni kwamba mara nyingi uko sahihi.

Hiyo inatupeleka kwenye tabaka, na hapa ndo kiini cha maneno yangu.

Tabaka la kwanza: mioto minne, unaiwasha, unakutana na bosi wa mwisho, yaani adui mkubwa, majina ya watengenezaji yanapita. Kwa wengi ni saa 6 mpaka 10 hivi. Ukiishia hapa umecheza gemu zuri, lenye mbuni wa kutisha na kinyonga mkubwa usiyetaka kumkumbuka, na utaandika kwamba ni zuri ila fupi. Sawa kabisa.

Tabaka la pili ni mayai. Yako 64, yamefichwa ramani nzima, na kila moja lina jina lake, mengine ni utani mtupu. Pengine ulishaokota kama ishirini ukiwa njiani bila kujua ni ya nini. Kuna ukumbi wake, na kadri unavyokusanya milango inafunguka na unapewa vitu. Hapa ndo gemu linageuka. Lile kundi la vifaa vya watoto sasa linadaiwa kazi zake zote za siri. Ramani yenyewe unapata penseli na mihuri ya kuweka alama, unaanza kuichorachora: hapa rudi na yoyo, hapa kuna sauti ya ajabu, hapa sijui. Filimbi nayo ina noti za kutosha kupiga wimbo, na ukishaelewa kwamba kuna mahali pengine noti fulani kwa mpangilio fulani zinafanya kitu kitokee, unaanza kuangalia kila mchoro ukutani unajiuliza, hii ni picha au ni wimbo?

Mi nasema bila kumung'unya, tabaka la pili ndilo gemu bora kuliko yote yaliyomo humo ndani. La kwanza ni utangulizi wake. Mtu aliyeacha baada ya majina kupita akalipatia alama nane kati ya kumi simgombezi, ila nasikitika kidogo, maana alikuwa mlangoni kabisa.

Tabaka la tatu sasa. Hili ndo lililotoa zile hadithi. Kuna sungura wamefichwa, na kuwapata sio kazi ya mtu mmoja mwenye akili, mafumbo mengine yanakutoa nje ya gemu kabisa, na lile maarufu kuliko yote ni picha iliyogawanywa vipande 50. Kila mchezaji anapewa kipande kimoja. Kimoja tu. Ucheze mpaka uzeeke, kwenye gemu lako kipo kilekile. Kwa hiyo watu wakalazimika kwenda Discord, kwenye magumzo ya wachezaji, wakapiga picha skrini zao, wakaanza kuulizana nani ana kipande kipi, wakapanga, wakaona. Basso alishasema kwenye mahojiano kwamba alilipanga hivyo kwa makusudi, tabaka la kwanza kwa kila mtu, la pili kwa wenye moyo wa kutafuta, la tatu kwa umati, na kwamba huenda kukawa na vitu chini zaidi ambavyo vitachukua miaka.

Hili wazo sio lake peke yake, na wala sio jipya. Mwaka 1984 Namco walitoa The Tower of Druaga, ghorofa 60, na karibu kila ghorofa ina kisanduku ambacho hakitokei mpaka ufanye kitu fulani ambacho hakuna mtu mwenye akili timamu angekifanya kwa kujitegemea. Wachezaji kule Japani walikuwa wanaandikiana siri kwenye madaftari palepale kwenye kumbi za magemu, mmoja amegundua ghorofa ya saba, mwingine ya kumi na nne, polepole mnara ukafunguka. Halafu mwaka 2012 kukaja Fez, nalo ni la kuruka, nalo lina pikseli, na lilikuwa na fumbo la nguzo nyeusi ambalo watu walikosa dokezo lake mpaka wakaamua kujaribu michanganyiko ya vitufe kwa kugawana kazi mtandaoni. Ikafunguka. Kwa nguvu ya wingi, sio kwa kuelewa. Mpaka leo kuna watu inawauma.

Basso amejifunza kutoka pale, ndo ninavyoona mimi. Fumbo lake la vipande 50 huwezi kulivunja kwa ubishi wa kubonyeza, linataka watu. Na kwa waliokuwepo ile Mei 2024 ilikuwa raha ambayo ni ngumu kuisimulia, kila ukifungua Reddit kuna mtu amepata kitu, kuna mtu anakanusha, kuna mtu amechora mishale kwenye picha ya ukuta kama mpelelezi.

Lakini, na hapa mashabiki wenzangu msinipige mawe, tabaka la tatu kwa anayeingia leo limeshakwisha. Lipo, unaweza kulifanya, ila ile picha ya vipande 50 iko kwenye wiki, tovuti ya mashabiki yenye majibu yote, imeshaunganishwa, unaifungua, unaitazama, unafanya inavyosema, unapata sungura wako. Hakuna shangwe. Wanaoliuza gemu kwa wageni kwa kusema "subiri uone tabaka la tatu" wanamuuzia mtu harusi ambayo watu wameshakula pilau wakaondoka. Ni tukio, limepita, lilikuwa zuri. Mwacheni mgeni afurahie mayai yake.

Malalamiko mengine ya wachezaji mengi yana ukweli ndani yake, nayapitia haraka. Kurudirudi njia ileile kunachosha, hasa kabla hujagundua namna za kusafiri haraka, na hizo nazo, kama kawaida, hujaambiwa. Simu za kuhifadhi kuna maeneo ziko mbali, unakufa, unarudia vyumba vinne ambavyo ulishavielewa, hapo hakuna fumbo tena, ni adhabu tu. Ile ya kupanda kwa mapovu inataka vidole vyepesi kuliko gemu lingine lote linavyotaka, na mtu aliyekuja kwa ajili ya mafumbo ghafla anaombwa kuwa fundi wa kuruka, mi mwenyewe kuna yai moja nililitukana kwa lugha ambayo siiandiki hapa. Na giza. Kwenye Switch ukicheza mkononi mchana kuna vyumba huoni kitu, ongeza mwanga wa skrini kabla hujaanza kulaumu.

Lalamiko nisilolikubali ni lile la hadithi. Kwamba gemu halina hadithi. Wanyama wote wale, masanamu, moto unaobebwa, mizuka, ile hali ya kwamba mahali hapa palikuwa na wenyewe, yote ipo, ila hakuna anayekusomea. Kuna watu wameandika nadharia ndefu za ajabu kuhusu kile kisima, nyingine ni upuuzi, nyingine zinanifanya nirudi kuangalia chumba fulani tena. Mi sihitaji kujua ipi ni ya kweli, na ningekasirika kama kungekuwa na maandishi ya mwisho yanayoeleza.

Upande wa tuzo liliteuliwa kwenye The Game Awards 2024, gemu bora huru na gemu bora la kwanza la mtengenezaji, na Balatro likabeba zote mbili. Mashabiki wa Animal Well wakalia. Mi sikushangaa, Balatro unamwonyesha mtu yeyote dakika tano anaelewa kwa nini limeshinda, ni karata, unaziona, namba zinapanda, moto unawaka. Animal Well utamwonyeshaje mtu dakika tano? Kidude kinaruka kwenye giza. Kitu kizuri kabisa ndani yake ni cha kugundua mwenyewe, na ukimwonyesha mtu umeshamnyang'anya. Hilo ndilo linalofanya sifa zake zisikike kama sifa za kanisa la siri, mtu anakwambia "we cheza tu, usisome chochote," na ukimuuliza kwa nini anatabasamu. Inakera, najua. Ila nikijaribu kueleza tofauti na hapo nakuta nimeharibu yai la mtu.

Sasa wanaoniuliza kama watumie mwongozo. Kwa mioto minne, hapana, jitahidini, ukikwama nenda upande mwingine wa ramani, kuna pembe tatu nyingine. Kwa mayai, chezeni mpaka mfike kama hamsini hivi bila msaada, hapo kwenye yale ya mwisho mnaruhusiwa kutafuta, hakuna polisi. Lakini msifungue wiki moja kwa moja, wiki inatoa jibu zima na picha juu. Muulizeni mtu aliyelicheza. Watu wa hili gemu wana tabia moja nimeipenda sana, ukiwauliza hawakupi jibu, wanakuuliza wewe: kwenye kile chumba cha kapibara ulisimama wapi? Umejaribu kukipita ukiwa na kile kifaa kingine? Na wanaishia hapohapo, hata ukibembeleza.